Sarufi ya kompyuta na bukari ya Lubumbashi: dhana potofu na ukweli

Nikimwambia mtu hapa Lubumbashi kwamba jioni zangu naandikia kompyuta sarufi, huniuliza kwanza kama mashine yangu inaweza kumtafsiria barua ya mwenye nyumba. Haiwezi. Tuanze hapo.

"Ni mashine ya kutafsiri chochote." Chombo ninachotumia kinaitwa Grammatical Framework, kwa kifupi GF. Ni lugha ya programu iliyoundwa kwa ajili ya kuandika sarufi za lugha za watu. Kwanza unaandika maana tupu, ambayo bado haijavaa lugha yoyote:

`fun Sema : Kitu -> Sifa -> Sentensi ;`

Yaani nipe kitu, nipe sifa, nikupe sentensi. Kisha kila lugha inaandikiwa faili yake, inayoeleza maana hiyo husemwaje. Sentensi ya Kifaransa ikiingia, GF huichambua hadi kwenye maana, halafu huisema upya kwa Kiswahili. Usichokiandika haikijui, na haibahatishi. Barua ya mwenye nyumba ina mambo mengi mno.

Ila tazama hesabu ya kwetu. Kongo ina lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Ongeza Kifaransa, zinakuwa tano. Ukitaka kutafsiri kutoka kila moja kwenda kila nyingine, njia ni 20. Kwa GF unaandika sarufi tano, basi.

"Anayejua Kiswahili ataimaliza kwa jioni moja." Nami niliamini hivyo. Mafunzo ya GF huanza na sentensi za chakula, jibini na divai na pizza. Nikaviondoa, nikaweka samaki, sombe (majani ya muhogo) na bukari (ugali, kwa msomaji wa Mombasa). Sifa nilizochagua ni mbili, *-tamu* na *ghali*. Jioni ile mashine ikaniandikia: *Samaki huyu ni mghali.*

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeagiza kila sifa ipokee kiambishi cha ngeli, na mashine ikatii. Kumbe *ghali*, *safi* na *rahisi*, maneno yenye asili ya Kiarabu, hayabadiliki: chakula kitamu, lakini chakula safi. Tangu utotoni sijawahi kukosea hapo, na tangu utotoni sijawahi kuijua hiyo kanuni.

Samaki naye ana mambo yake. Umbo lake ni la ngeli ya N, halina kiambishi, wingi wake ni samaki vilevile. Lakini kwa kuwa ni kiumbe hai tunasema *samaki huyu ni mtamu*, hata akiwa amekaangwa na yuko sahanini na kitunguu juu. Ikabidi nitenge mambo mawili ndani ya kila nomino: umbo lake linatoka ngeli gani, na upatanisho wake unatoka ngeli gani. Hapo jioni moja iligeuka wiki tatu.

"Kiswahili cha Lubumbashi hakina sarufi." Hii inaniudhi kuliko zote, maana tunaisema wenyewe. Mwalimu darasani anasahihisha *kitabu yangu* kuwa *kitabu changu*, mtoto anaondoka akidhani nyumbani kwao watu wanaongea ovyo.

Nenda kaandike ovyo hiyo kwenye kompyuta uone. Kwa Kiswahili sanifu, jedwali langu la neno la kumiliki lina *wangu, yangu, langu, changu, vyangu* na kuendelea. Kwa Kiswahili cha kwetu nyumbani lina nafasi tatu: *mutoto wangu*, *batoto bangu*, na vingine vyote *yangu*. Jedwali fupi ni kanuni kama lile refu. Ukiweka *bangu* mahali pa *yangu*, kila mtu sokoni atajua wewe ni mgeni. Na kuna sehemu ambako sisi ndio wenye kiambishi kinachohitaji mstari wake: *tunakulaka bukari*, yaani ndiyo desturi yetu, pale ambapo sanifu husema *hula*.

Kwa hiyo nina faili mbili, sanifu na ya kwetu, zote zikisoma maana zilezile. Hakuna iliyo mtoto wa mwenzake.

"Ni utafiti wa zamani uliokwisha." GF ilianza mwaka 1998 kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Grenoble, Ufaransa. Aarne Ranta, Mfini, aliendelea nayo Gothenburg, Sweden. Kikusanyi chake, yaani programu inayogeuza sarufi kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, kimeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Haskell, lakini huhitaji kuijua Haskell ili uandike sarufi. Krasimir Angelov alitengeneza injini ya kuendeshea sarufi, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya C, ndiyo maana leo unaweza kuiita sarufi yako kutoka ndani ya programu za Python, lugha nyingine ya programu. Kila kitu ni chanzo huria. Maktaba yake ya sarufi ina lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo: mwaka 2012 Wanjiku Ng'ang'a wa Nairobi alichapisha kazi yake juu ya kukijenga humo. Lugha inayoongezwa huibua kasoro ambazo nyingine hazikuzigusa, na hapo ndipo chombo kinapotengenezwa tena.

"Akili mnemba imeshamaliza kazi hiyo." Kwa Kiingereza, karibu imalize. Lakini mifumo hiyo hula maandishi, na Kiswahili chetu huongewa zaidi kuliko kuandikwa. Mimi kwa kanuni nilianza na sahani moja.

Juzi nilimsomea mama mukubwa sentensi zilizotoka kwenye faili ya kwetu. Bukari ilipita, samaki akapita. Kwa sombe mashine ilikuwa imetengeneza wingi, *masombe*.

"Vile hatusemake," akasema, akicheka. "Sombe ni sombe tu. Na bitoyo, umeandika?"

Samaki wale wa chumvi sikuwa nimewaandika.