Mgonjwa wa kipindupindu anafichwa chumbani: maswali na majibu kuhusu karantini

Kila kipindupindu kinapoingia Dar es Salaam, naona jambo lile lile. Mgonjwa analetwa alfajiri kwa bajaji, amefunikwa khanga hadi usoni ili majirani wasimtambue. Ameanza kuharisha jana asubuhi. Ukibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili ukaiachia, inabaki imesimama. Macho yameingia ndani, sauti imekauka. Ukiuliza kwa nini hakuletwa jana, jibu ni moja: "Sista, tuliogopa karantini." Haya ndiyo maswali ninayoulizwa pale pale kitandani, huku natafuta mshipa wa kuweka dripu.

Karantini ni nini?

Ni kumzuia kwa muda mtu asiye na dalili, aliyekutana na ugonjwa, mpaka ijulikane kama ameambukizwa. Mgonjwa mwenyewe hutengwa na kutibiwa. Hilo ni jambo jingine. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, leo Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru wanaotoka kwenye tauni wakae nje ya mji siku 30. Baadaye Venice ikafikisha 40, na arobaini hiyo ya Kiitaliano ndiyo iliyozaa neno karantini. Siku hizi muda hutegemea ugonjwa: aliyemgusa mgonjwa wa Marburg, homa kali inayofanana na Ebola, kama ilivyokuwa Kagera mwaka 2023, hufuatiliwa siku 21.

Nikimleta mwanangu mwenye kipindupindu, nyumba yetu itafungwa?

Haifungwi. Kipindupindu hakina haja ya karantini, kwa sababu vimelea vyake hupita mdomoni, kwenye maji na chakula kilichochanganyika na kinyesi. Mgonjwa hulazwa kambini, yaani kwenye kituo cha kutibu kipindupindu, ili apate dripu na kinyesi chake kisifike kwa wengine. Nyumbani watakuja maafisa afya kuuliza mnachota wapi maji na kuwapa dawa ya kuyatibu. Mpangaji hafukuzwi, mama ntilie hapelekwi polisi. Mlete.

Mbona watu wanasema kambini huenda kufa?

Wanaokufa kambini wengi wamefia nyumbani kwanza, sisi tumeletewa pumzi za mwisho. Kwa matibabu ya mapema hufa chini ya mtu 1 kati ya 100. Aliyezidiwa akiachwa bila maji mwilini anaweza kufa katika saa chache. Nasema saa. Ukisema "tusubiri kupambazuke", tayari umeamua jambo kubwa.

Basi hofu hii imetoka wapi?

Imetoka kwenye mambo yaliyotendeka kweli, na simlaumu bibi anayeniuliza. Pale Changuu, Zanzibar, jengo lililokusudiwa kuwa jela liligeuzwa kituo cha karantini cha abiria wa meli. Mpaka leo watalii wanakiita kisiwa cha gereza. Hapa kwetu, uwanja wa Mnazi Mmoja ni sehemu ya ukanda ambao Waingereza waliuacha wazi miaka ya 1920 kati ya Uhindini na Kariakoo, wakitaja afya kuwa sababu. Afya ya nani? Mwafrika aliwekwa upande mmoja kana kwamba yeye ndiye ugonjwa. San Francisco nako, mwaka 1900, kwa ajili ya tauni walizungushia kamba mtaa wa Wachina na kuziruka nyumba za Wazungu, mpaka mahakama ikaikataa karantini ile.

Na si ya zamani tu. Agosti 2014, wakati wa Ebola, askari walizingira West Point, mtaa wa watu maskini mjini Monrovia, Liberia. Watu walikosa chakula, wakasukumana na askari, kijana wa miaka 15 akapigwa risasi akafa. Baada ya siku 10 hivi kizuizi kikaondolewa. Ukimfungia mtu bila chakula wala maelezo, utamfundisha kuficha wagonjwa. Hilo nawaambia viongozi wetu wa mitaa bila kificho. Lakini kambi ya kipindupindu si West Point. Ni dripu, ndoo chini ya kitanda, na nesi anayekuhesabia vikombe vya maji.

Nimpe kwanza vidonge vya kufunga tumbo hadi asubuhi?

Usimpe. Na tafadhali acheni kumnyima maji eti yanazidisha kuharisha! Maji ndiyo uhai wake. Koroga pakiti moja ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita 1 ya maji safi. Huna? Weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee. Mnyweshe huku mkiwa njiani. Choo kikiwa kama maji ya mchele, mlete. Usiku huo huo, mlete. Hujui pa kwenda? Piga 199, ni bure.

Na mashuka yake?

Hapa ndipo kumficha kunapowaumiza wote. Naona shuka lililochafuka linafuliwa gizani kwenye bomba la wapangaji wote, ili asijue mtu; siku chache baadaye nalaza watoto wawili wa chumba cha pili. Lisifuliwe bombani wala kisimani. Liloweke kwenye maji ya jiki, maji hayo yamwagwe chooni, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika sufuria.