"I believe you" si sawa na "I believe in you"

Wengi tulifundishwa kwamba believe ni kuamini, basi. Ndiyo maana mtu humwandikia rafiki anayekwenda kufanya mtihani "I believe you", akidhani amemtia moyo. Kumbe amemwambia tu kwamba alichosema ni kweli.

Chanzo ni lugha yetu: "nakuamini" hubeba maana zote mbili, na muktadha ndio unaoamua. Kiingereza hutenganisha kwa kijineno in. Mtoto akisema hakuvunja kikombe, nawe ukaona hadanganyi, ni "I believe you". Ukiongeza in, huzungumzii tena kauli moja. Unaweka imani yako kwa mtu mwenyewe, kwa uwezo na tabia yake. Mzazi anaweza hata kusema "I don't believe you, but I believe in you": hili ulilosema silikubali, ila wewe sijakukatia tamaa. Naupenda mfano huu kwa sababu "sikuamini lakini nakuamini" haieleweki kabisa.

Wakatoliki wanaposali "Nasadiki kwa Mungu", hilo "kwa" linafanya kazi ileile ya in. Kwa vitu, "believe in" huweza pia kudai kwamba vipo: "I believe in ghosts" ni kusema mizimu ipo.

Halafu kuna "according to me", tunayoipenda mno kwenye mijadala. According to hutaja chanzo kingine: daktari, gazeti, sheria. Kwa maoni yako mwenyewe sema "in my opinion", au "I think" tu.