Je, wajua kwa nini udongo wa juu ya mwinuko ni mwekundu na wa bondeni ni mweusi?

Panda mwinuko wowote pande za Tabora, kisha uteremke taratibu huku ukitazama ardhi. Juu utakuta udongo mwekundu. Katikati ya mteremko rangi inafifia, unakanyaga mchanga wa kijivu. Ukifika chini kabisa, mbugani, udongo ni mweusi tii, na kama ni mwezi wa tisa umepasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono hadi kwenye kiwiko. Mara nyingi mwamba ulio chini ya mteremko wote huo ni uleule mmoja. Basi tofauti imetoka wapi?

Imeletwa na maji. Mvua ikinyesha juu, maji huzama haraka na kuondoka, yakichukua kila kinachoyeyuka: kalsiamu, magnesiamu, hata madini ya silika yaliyotoka kwenye mwamba. Chuma hakiondoki kirahisi. Kinabaki pale, kinakutana na hewa na kushika kutu, na wekundu unaouona ndiyo kutu yenyewe. Kwenye mteremko maji hukawia kidogo. Hewa ikipungua ndani ya udongo, chuma nacho huyeyuka na kuhama, na chembe laini husombwa pamoja nacho, ndipo unabaki mchanga uliopauka.

Bondeni ndiko mambo yanakonoga. Vyote vilivyosombwa kutoka juu hufikia hapo. Masika maji yanatuama, kiangazi yanakauka, na katika kurudiarudia huko silika na magnesiamu huungana na madini mengine na kuunda aina mpya ya udongo wa mfinyanzi ambayo haikuwemo kwenye mwamba. Mfinyanzi huo ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa. Ndiyo sababu ya zile nyufa, na ndiyo sababu nyumba iliyojengwa mbugani bila msingi wa maana hupasuka kuta. Chimba kidogo na huenda ukaokota vinundu vyeupe vigumu kama kokoto. Vidondoshee siki: vikitoa povu, hiyo ni chokaa, yaani kalsiamu iliyosafirishwa na maji ikaishia hapo.

Watu wengi huuona weusi huo wakadhani ni mboji nyingi. Kwa kawaida sivyo. Mboji iliyomo ni kidogo tu, ila imeng'ang'ania chembe za mfinyanzi kiasi cha kuzipaka rangi zote. Utajiri mkubwa wa udongo huo ni ile kalsiamu na magnesiamu iliyopotea kule juu.

Aliyeyaweka haya yote katika maelezo ya kisayansi alikuwa Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapo mwaka 1902, na baada ya vita vya kwanza vya dunia kikawa chini ya Waingereza. Miaka ya 1930 Milne na wenzake wa Kenya na Uganda walikuwa na kazi moja ngumu: kuchora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki nzima. Utachoraje kwenye karatasi moja nchi ambayo udongo wake unabadilika mara tatu kabla hujamaliza kuteremka mwinuko mmoja?

Suluhisho lake lilikuwa la busara sana. Aliacha kuchora kila udongo peke yake, akachukua mfuatano mzima, kutoka kileleni hadi bondeni, kuwa kitu kimoja. Mwaka 1935 akauita katena, yaani mnyororo. Ramani ilitoka mwaka 1936. Aliona pia kwamba katena ni za namna mbili: zile ambazo mwamba wake ni mmoja toka juu hadi chini, na zile ambazo mwinuko umekaa juu ya miamba tofauti, kwa hiyo si kazi ya maji peke yake. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ya kuchunguza udongo wa Tanganyika ikachapishwa mwaka 1947. Leo hakuna anayesomea sayansi ya udongo, popote duniani, asiyekutana na katena.

Lakini wakulima hawakumsubiri Milne. Wasukuma wana majina ya udongo kufuata mteremko: luseni ni ule wa kichanga ulio juu, itogolo ni ule wa chini unaokauka ukawa mgumu, kisha inafuata mbuga. Kila mmoja una kazi yake. Luseni hupandwa mihogo, karanga na viazi vitamu. Huku chini hutengenezwa majaluba ya mpunga, yaani vitalu vilivyozungushiwa kingo, kwa sababu maji hayapotei. Kwa maoni yangu hiyo ni ramani ya katena, tena ya zamani kuliko ile ya Amani, ila haikuwa imeandikwa.

Jambo hili linamhusu yeyote anayepeleka udongo wa shamba maabara kupimwa. Shamba likiwa kwenye mteremko, chukua sampuli za juu, za katikati na za chini, kila moja kwenye mfuko wake. Ukizichanganya zote, maabara itakupa majibu ya udongo ambao haupo popote shambani kwako, na mbolea utakayonunua itakuwa ya udongo huo.