Chuchumaa kwanza, ndipo uniambie imekukaa

Jumamosi amekuja mteja wa nne mwezi huu anayetaka nimshonee kombinezoni. Simu mkononi, na kwenye simu picha ya dada mmoja amesimama kando ya gari: kombinezoni ya kitenge, suruali na blauzi kipande kimoja, kiuno kimebanwa, miguu mipana kama kengele. "Yaya, ni suruali na blauzi tu, unaunganisha. Vipimo vyangu uko navyo, ile suruali ya Noeli." Yaya kwetu ni dada mkubwa, ndivyo wateja wanavyoniita. Nikamwambia akae kwenye kigoda. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba kitambulisho.

Naandika haya ili wa tano ayasome kabla hajapanda teksi-basi kuja kwangu Katuba, hapa Lubumbashi.

Suruali na blauzi ni nguo mbili, na kazi kubwa inafanywa na pale zinapoachana. Ukiinama, blauzi inapanda, suruali inashuka, unaivuta kidogo, maisha yanaendelea. Huhesabu ni mara ngapi kwa siku uwazi ule unakuokoa. Kombinezoni imeufunga kwa uzi. Ukiinua mkono kushika chuma cha juu ndani ya basi, bega linavuta kifua, kifua kinavuta kiuno, kiuno kinavuta msamba. Ukikaa, mgongo unarefuka na tumbo linafupika: kitambaa cha mbele kinajikunja bure, cha nyuma kinatafuta sentimita za kuongeza. Kitazitoa wapi? Begani au makalioni. Mara nyingi kote kuwili.

Kwa hiyo kipimo kinachotawala si kiuno wala nyonga. Naanza katikati ya bega, nashuka kifuani, utepe unapita msambani, napanda nao mgongoni mpaka pale nilipoanzia. Wengine wanacheka, wengine wanaona haya. Pale katikati namwachia mteja aupitishe utepe mwenyewe. Mwezi wa tano nilipima ndugu wawili, urefu mmoja, kiuno 82 wote, nyonga 106 wote. Suruali wanaazimana. Mzunguko huo wa kiwiliwili, mmoja alikuwa 155 na mwenzake 162. Sentimita saba! Washonee wote wawili kwa kipimo cha suruali uone: mmoja atapendeza, mwingine atatembea kama mtu aliyepanda baiskeli isiyo na kiti.

Hayo sikufundishwa shuleni. Shuleni tulichora sketi mpaka vidole vikafa ganzi. Baba alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, na alipostaafu aliacha nyumbani kombinezoni mbili za buluu, zimefuliwa hadi zikawa na rangi ya mbingu ya Lubumbashi mwezi wa saba. Moja niliifumua, uzi kwa uzi, nikaitandaza sakafuni. Nyuma ya mabega kulikuwa na mikunjo miwili iliyofichwa, inayofunguka mtu akinyoosha mikono mbele. Kiunoni lastiki, lakini nyuma tu; mbele kitambaa kimelala bapa. Kwapani kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne ambacho leo fundi akikitia mteja anauliza kama kitambaa kilimwishia. Na zipu, au tireti kama tunavyosema hapa, ilikuwa na vichwa viwili: kimoja kinafungua kutoka shingoni, kingine kutoka chini, ili mwanaume asivue nguo nzima kwa haja ya dakika moja. Aliyeikata nguo ile alijua kwamba aliye ndani yake atachuchumaa, atapanda ngazi, atabeba mzigo. Magotini palikuwa pamechakaa. Msambani, hata uzi mmoja haukuwa umekatika.

Vipande vyake bado vinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mashini yangu. Ndiyo patroni yangu ya kwanza, kiolezo cha kukatia nguo.

Basi mtu akiniambia "hii ni nguo ya picha, haivaliki", damu inachemka. Ilizaliwa ivalike! Mwaka 1919 kule Firenze, Italia, msanii aliyejiita Thayaht alibuni nguo ya kipande kimoja akaiita TuTa, na mwaka 1920 patroni yake ilichapishwa na gazeti la La Nazione ili watu wajishonee nyumbani kwa bei ndogo. Churchill, na tumbo lake na sigara yake, alivaa ya kwake wakati wa vita, zipu mbele. Wenzetu wa mashariki wanasema jampusuti, jina lenye kuruka ndani yake: ilikuwa nguo ya warukaji wa miavuli. Urembo umefika baadaye. Umeondoa mikunjo ya mgongoni, umeondoa lastiki, umehamishia zipu mgongoni, kisha unalalamika kwamba nguo inabana.

Sasa kitenge, na hapa ndipo mimi na wateja tunagombana kweli. Kitenge cha wax ni pamba isiyovutika. Kwa hiyo juu ya ule mzunguko naongeza sentimita tano. Ukiwa 160, nakata 165. Halafu kitambaa kinafuliwa. Kikirudi kwa asilimia 3 tu, hiyo ni karibu sentimita tano: nyongeza yangu yote imekunywa maji. Nguo iliyokukaa vizuri harusini inakukaba mara ya pili, na jina linaloharibika mtaani ni la fundi, si la sabuni.

Dawa yake inajulikana, kuloweka kabla ya kukata. Lakini nenda ukamwambie mama aliyetoka kununua super wax aitie kwenye beseni! Mng'ao utaondoka, ule ugumu wa dukani utaondoka, watu watasema amevaa kikwembe cha zamani. Na kusema kweli, ana haki. Kitenge kilicholowekwa hakisimami vilevile, miguu mipana inalegea, na miguu mipana ndiyo iliyomleta kwangu. Nimejaribu njia ya katikati: naloweka kipande cha pembeni tu, napima kimerudi kiasi gani, naongeza kiasi hicho kwenye patroni na nguo naiacha kavu. Inasaidia, ila si kila mara. Kitambaa hurudi kwa urefu zaidi kuliko kwa upana, na kipande cha kiganja kimoja hakisemi yote ambayo yadi nne zitasema. Mara mbili kimenidanganya. Nikiongeza kidogo, nguo inabana baada ya kufuliwa. Nikiongeza sana, siku yenyewe ya harusi inaning'inia nyuma kama nepi. Mpaka uko wapi? Miaka yote hii bado nakisia kwa jicho.

Upana wa miguu, rangi, mifuko, chagua unavyotaka, havitakuumiza. Kwa urefu wa pindo, njoo na viatu utakavyovaa, maana matope ya mwezi wa kwanza hayaheshimu super wax.

Choo. Kila mtu anaanza na choo. Mimi nimekiweka nyuma kwa sababu sina jibu. Vile vichwa viwili vya zipu ya baba havitufai sisi wanawake. Lazima ushushe yote, na kama zipu iko mgongoni unahitaji rafiki, tena rafiki wa kweli. Nimeshajikuta kwenye choo cha ukumbi mmoja, sakafu imelowa, umeme umekatika, mikono ya nguo nimeifungia shingoni kama skafu na simu inayowaka nimeibana kwa meno. Ndani ya hali hiyo hufikirii mtindo. Zipu ya mbele ingepunguza nusu ya taabu, lakini nikiitaja tu naambiwa, "Yaya, shitaki kufanana mutu wa mine," yaani hataki kufanana na mtu wa mgodini. Haya. Na ulisoma kwa pesa ya nguo gani?

Namna ya kudanganya ipo, na nilishaitumia. Mwaka jana waliniletea kazi ya harusi, wasichana 12, kitenge kimoja, kombinezoni kwa wote. Tantini aliyesimamia aliniletea karatasi: S nne, M tano, L tatu. Nikaikunja karatasi nikaitia chini ya mguu wa meza inayocheza, nikawaita wote, tukashinda kutwa nzima tunapima. Kila mmoja alikaa, akachuchumaa, akainua mikono. Tisa walikubali utepe. Watatu walikataa katakata usipite msambani, eti niandike tu kama wa mwenzao. Na kati ya wale tisa mmoja alikuwa na mimba ya miezi mitano, harusi ikiwa bado wiki sita. Hebu kipime kipimo hicho.

Wanane nikawashonea kombinezoni, na lastiki ya nyuma kama ya baba, imefichwa chini ya mkanda. Wale wanne nikawashonea suruali ya kiuno cha juu na blauzi, maua ya kitenge yakutane sawasawa kiunoni, kisha mkanda mpana juu yake. Suruali na blauzi, ndiyo, nimeyasema mwenyewe. Wala sikumwambia mtu.

Baada ya wiki Tantini alikuja kunishukuru, na picha zote kwenye simu. Akapitisha kidole, akapitisha, akasimama kwenye moja na kuikuza. "Huyu sasa," akasema, "njo kombinezoni ilimukala muzuri kupita wote."

Alikuwa mmoja wa wale waliokataa utepe.