Je, wajua kwa nini kidonge kimoja cha presha hubeba dawa mbili za kukojosha?

Kwenye benchi la kliniki ya presha, iwe Kisumu au Nakuru, hukosi kumsikia mtu akinung'unika: "Dawa moja ya kukojosha si ingetosha? Mbona nimewekewa mbili ndani ya kidonge kimoja?" Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Dawa hizo mbili hazifanyi kazi moja. Zote hutoa chumvi na maji, lakini kwa madini ya potasiamu moja huyamwaga na nyingine huyashikilia. Zimefungwa pamoja makusudi ili moja ifidie kinachoharibiwa na mwenzake, na ukishaelewa hivyo utaona kwa nini daktari anauliza maswali mengi kuhusu vitu vingine unavyomeza.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku, ilhali mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Maji mengine yote hurudishwa mwilini kupitia vijibomba vyembamba sana. Huvutwa na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayokula: sodiamu ikirudi kwenye damu, maji huifuata. Dawa ya kukojosha huziba mojawapo ya milango inayopitisha sodiamu hiyo. Haidroklorothaiazidi, ambayo kwenye boksi mara nyingi hufupishwa HCTZ au herufi H tu, huziba mlango ulio karibu na mwisho wa kijibomba. Sodiamu iliyokosa kupita hapo husonga mbele hadi kipande cha mwisho kabisa, na huko mwili hujaribu kuiokoa kwa kubadilishana: huchukua sodiamu na kutoa potasiamu. Hivyo potasiamu huishia chooni. Anayemeza dawa hii huku akimimina chumvi na vikolezo vya pakiti kwenye mchuzi hujiumiza mara mbili, kwa kuwa presha haishuki vizuri na potasiamu hutoka kwa wingi zaidi.

Hapo ndipo dawa ya pili inapoingia. Amiloridi, na nduguye triamtereni, huziba mlango ule wa mwisho, hivyo ubadilishanaji hupungua na potasiamu hubaki. Spironolaktoni hufika palepale kwa njia nyingine: humnyima kazi aldosteroni, homoni inayoamrisha sodiamu iokolewe. Zikiwa peke yake, amiloridi na triamtereni ni dhaifu kwa kushusha presha. Zikiandamana na HCTZ, hulinda potasiamu na kusaidia kidogo kwa presha pia. Kidonge kilichojulikana sana cha aina hii ni Moduretic, chenye miligramu 50 za HCTZ na 5 za amiloridi, na kwa kuwa 50 ni nyingi kwa watu wengi, wengine huambiwa wameze nusu.

Dawa za ukoo huu zina umri wa babu. Ya kwanza, klorothaiazidi, iliingia sokoni Marekani mwaka 1958. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyejaa maji mwilini alidungwa sindano zenye zebaki, ile ile sumu tunayoonywa tusiiguse kipimajoto kikivunjika. Hivyo, pamoja na lawama zote, tumetoka mbali. Na wazo la kuchanganya bado lina nguvu: utafiti wa Uingereza uitwao PATHWAY-3, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha HCTZ peke yake, amiloridi peke yake, na mchanganyiko wa nusu dozi ya kila moja. Mchanganyiko ulishusha presha vizuri zaidi, na ule mwelekeo wa HCTZ kupandisha sukari ya damu haukuonekana. Kwa mtu ambaye kwao kuna kisukari, hilo si jambo dogo.

Kuna hofu moja ninayoisikia mara kwa mara: "Wiki ya kwanza nilikojoa sana, sasa nakojoa kawaida. Dawa imeisha nguvu?" La. Siku za mwanzo mwili hutoa maji yaliyozidi, kisha hujirekebisha na mkojo kurudi karibu na kawaida. Presha huendelea kuwa chini kwa sababu, kadiri wiki zinavyopita, mishipa ya damu hulegea. Anayeongeza kidonge cha pili ili aone mkojo mwingi tena anatafuta matokeo mahali pasipofaa. Kipimo chake ni mashine ya presha.

Sasa tuje kwenye usalama. Mizani ya potasiamu ndani ya kidonge imepangwa kwa mambo mawili tu, HCTZ na mwenzake. Kinachoivuruga kwa kawaida ni kitu cha tatu, na mara nyingi mgonjwa hakihesabu kama dawa.

Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ambako maambukizi ya HIV ndiyo ya juu zaidi nchini, watu wengi kwa miaka wamekuwa wakipewa Septrin kila siku ili kujikinga na magonjwa nyemelezi. Septrin ina dawa mbili, na moja kati yake, trimethoprimu, huziba mlango ule ule wa mwisho unaozibwa na amiloridi. Kwa hiyo mtu anayekunywa Septrin pamoja na kidonge chenye amiloridi au spironolaktoni ana vizuizi viwili mahali pamoja, na potasiamu yake inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari, hasa akiwa mzee au figo zake zikiwa zimechoka. Kliniki ya presha na kliniki ya HIV huenda ziko ua mmoja na bado kila moja ikawa na faili lake. Usiache Septrin kwa uamuzi wako. Sema tu, mbele ya anayekuandikia dawa ya presha, kwamba unaitumia, kisha yeye aamue kama abadilishe kidonge au apime damu mapema.

Dawa nyingine za presha nazo hushika potasiamu: enalaprili, lisinoprili, losartani. Losartani ikiunganishwa na HCTZ ni ndoa inayokubalika, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka vidonge vya aina hiyo, kama lisinoprili na HCTZ au telmisartani na HCTZ, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Taabu huja losartani ikiongezwa juu ya kidonge ambacho tayari kina amiloridi. Taabu nyingine hutoka kwenye majina. Mtu ana boksi la losartani lenye herufi H kutoka hospitali ya kaunti, kisha duka la dawa huko Kondele, mjini Kisumu, linampa cha amiloridi na HCTZ. Amemeza HCTZ mara mbili bila kujua. Ukiona H, HT au HCTZ kwenye maboksi mawili tofauti, simama uulize kabla ya kumeza.

Brufen na diklofenaki zinahitaji neno lao. Kila mtu mwenye magoti mabovu anazo, au amedungwa sindano ya diklofenaki dukani akaenda zake. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, hudhoofisha dawa ya kukojosha na kuchangia potasiamu kupanda. Changanya dawa ya kukojosha, losartani au enalaprili, na Brufen ya kila siku, na figo zinaweza kufeli kabla hujahisi lolote. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo salama zaidi. Na kama ni kidole gumba cha mguu kilichovimba na kuwaka usiku, mwambie daktari, kwa maana HCTZ hupandisha asidi ya yuriki na inaweza kuleta jongo.

Twende jikoni. Watu husema, "Ukipewa dawa ya kukojosha, kula ndizi." Ushauri huo ulitungwa kwa dawa inayomwaga potasiamu pekee. Kwa kidonge cha mchanganyiko, mwenye figo nzima anaweza kula ndizi, nduma, viazi vitamu, parachichi na managu kama kawaida, bila kuongeza kwa makusudi na bila vidonge vya potasiamu. Mwenye ugonjwa wa figo lazima aulize kwanza. Chumvi mbadala za supamaketi zinazouzwa kama chumvi ya wenye presha nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, na mtu wa kidonge hiki azikwepe. Halafu kuna musherekha. Kwa Waluhya, kunde au mrenda bila maji ya majivu haujapikwa. Majivu ya maganda ya maharagwe au ya ndizi yana potasiamu nyingi, na maji yanayochujwa humo huibeba hadi sufuriani. Kiasi chake hubadilika kulingana na majivu yenyewe, kwa hiyo kijiko kimoja katika nyumba moja si sawa na kijiko cha jirani. Magadi ni jambo jingine: hayo ni sodiamu, adui wa presha moja kwa moja. Sisemi mboga za mama ziharamishwe. Nasema mtu anayekula musherekha kila siku alitaje jambo hilo kliniki, kwa sababu hakuna muuguzi atakayelisoma kwenye faili.

Upande wa pili ni kupoteza maji. Kuhara, kutapika, malaria yenye homa kali, kushinda juani kwenye fuo za Dunga wakati wa joto la Kisumu, au kufunga siku tatu za maombi bila maji: mwili tayari unakauka, na dawa inaendelea kuukamua. Presha hushuka mno, mtu huinuka kitandani na kuona giza. Siku kama hizo piga simu kliniki. Mara nyingi utaambiwa usimamishe dawa kwa siku mbili tatu hadi uweze kula na kunywa, kisha uendelee. Ukifunga Ramadhani, panga saa za kumeza na daktari kabla mwezi haujaandama. Na mzee aliyeanzishiwa dawa hii akianza kuchanganyikiwa ghafla, msikimbilie kusema ni uzee au kuna mkono wa mtu. Huenda sodiamu imeshuka sana, na hilo hupimwa.

Saa nzuri ya kumeza ni asubuhi. HCTZ huanza kukojosha muda wa saa mbili hivi baada ya kuimeza, hufika kilele baada ya muda wa saa nne, na huweza kuendelea kwa muda wa hadi saa kumi na mbili. Ukimeza usiku, utaamka mara kwa mara, na kwa mzee anayetembea gizani kwenda choo cha nje hiyo ni ajali inayosubiri. Wengi huruka dozi siku ya safari, maana matatu ya Nakuru kwenda Kisumu haisimami kila mtu anapobanwa. Badala ya kuruka, sogeza: meza ukishafika, mradi si jioni sana. Ukisahau na jioni imeingia, acha hadi kesho, na usimeze viwili kufidia.

Kabla ya kuanza, na tena wiki chache baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi, omba kipimo cha figo na madini ya damu. Baada ya hapo, angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mzee, mwenye kisukari au mwenye figo dhaifu. Potasiamu ya kawaida ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita (mmol/L). Ikiwa chini, unaweza kuhisi misuli ikikaza na mwili kulegea. Ikiwa juu, mara nyingi hutahisi chochote hadi moyo uanze kupiga ovyo, na ndiyo sababu kipimo hakiwezi kungoja dalili. Moyo ukidunda bila mpangilio, miguu ikikosa nguvu ghafla au ukizimia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na beba mfuko wenye kila boksi unalotumia, hata lile la Brufen.