Homa ya mtoto: lini umpeleke kwa daktari

Dhana: Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mlimani, kuna baridi, kwa hiyo hii si malaria.

Mji uko kwenye mita 1,500 hivi, na malaria inafika. Tena familia nyingi husafiri kwenda Uvira na bonde la Ruzizi, ambako ni nyingi zaidi. Mtoto mwenye homa apimwe damu ndani ya saa 24 tangu homa ilipoanza. Tone moja la kidoleni linatosha, na kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Kununua dawa ya malaria kwenye farmasi kwa kubahatisha ni hatari: kama kumbe ni nimonia, siku mbili zimepotea bure.

Dhana: Joto likipanda sana ndipo ugonjwa ni mkubwa.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Mtoto wa miaka miwili mwenye joto la nyuzi 39.5 anayekunywa na kucheza hatutishi kama mwenye 38.2 aliyelegea, asiyetaka titi. Tazama mtoto kwanza, kisha namba. Mwenye umri chini ya miezi mitatu akifika 38 kwapani, aende leo hii, hata kama ni usiku. Mtoto mchanga aliye mgonjwa sana anaweza hata kupoa badala ya kuwaka.

Kwa umri wowote, usingoje asubuhi ukiona: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, haamki vizuri, ana degedege, shingo imekakamaa, au utosi umevimba. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni haraka mno. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, ondoka sasa.

Dhana: Ni meno tu.

Meno yanaweza kupandisha joto kidogo. Hayalifikishi 38.

Dhana: Joto likishuka kwa parasetamoli, amepona.

Dawa hushusha joto. Haiui vimelea vya malaria wala bakteria. Dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 150, yaani mililita 6 hivi za sharubati yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Soma chupa: nyingine zina 250, na mililita zilezile zingempa dozi maradufu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha jikoni. Aspirini asipewe kamwe.

Dhana: Mfunike blanketi atoke jasho, akishikwa na degedege, mtie kijiko mdomoni.

Blanketi huzuia joto kutoka. Nguo moja nyepesi inatosha. Kijiko huvunja meno na kuziba njia ya hewa. Mlaze ubavu, usitie chochote mdomoni, tazama saa, kisha mpeleke hata degedege likiisha, maana linaweza kuwa malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo.

Ukifika kituo cha afya, mwambie muuguzi saa homa ilipoanza, dawa gani alipewa, kiasi gani na saa ngapi, na mara ya mwisho alipokojoa.