Nyonga ya bandia: nikitembea sana, si nitaimaliza?

Daktari amenibadilishia nyonga. Je, kila hatua ninayopiga inaila?

Ndiyo, lakini kidogo mno. Kiungo bandia huchakaa kwa kutumika, kama soli ya kiatu. Kichwa cha chuma au kauri kinapozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, hung'oa chembechembe zisizoonekana kwa macho. Mwili huziona kama adui, na katika kupambana nazo, mfupa ulioshika kiungo humomonyoka polepole hadi kiungo kilegee. Hicho ndicho kilichowatesa wengi waliofanyiwa upasuaji miongo iliyopita.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, plastiki hiyo huimarishwa kwa mionzi, na kasi ya kulika imeshuka sana. Kwa maoni yangu, wagonjwa wengi wa leo wanaogopa nyonga za jana.

Basi inadumu miaka mingapi?

Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga 58 hivi kati ya 100 hufikisha miaka 25. Na hizo ni za zamani, maana wakati huo nyonga za kisasa zilikuwa bado hazijatimiza umri huo. Aliyepasuliwa akiwa kijana ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kwa daktari kubadilishiwa tena, kwa kuwa ana miaka mingi mbele yake na shughuli nyingi.

Nifanye mazoezi gani?

Tembea. Unapotembea, nyonga hubeba karibu mara tatu ya uzito wa mwili wako. Ndiyo maana kupunguza kilo chache huipa nafuu kubwa kuliko unavyodhani. Ukijikwaa, mzigo huo unaweza kufika mara nane. Kwa hiyo wa kuogopwa ni mkeka unaoteleza na ngazi isiyo na taa, kuliko matembezi ya jioni. Misuli ya makalio na mapaja ikiwa imara, hutayumba ovyo. Ukikaa tu kitini ukiitunza nyonga, misuli hiyo hunyong'onyea na hatari ya kuanguka huongezeka.

Kuogelea (kidonda kikishapona kabisa) na baiskeli pia ni salama kwa wengi. Mbio, kurukaruka na michezo ya kugongana ni suala la kuzungumza na daktari wako. Wengine huruhusiwa, hasa waliokuwa na uzoefu kabla ya upasuaji. Huu si wakati wa kujifunza karate.

Nianze lini?

Mara nyingi mgonjwa husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa ya nyonga kuteguka, hivyo uliza mapema ni mikao ipi uepuke, kwani hutegemea upande ambao daktari alipitia kuingia.

Nitajuaje kwamba imeanza kulegea?

Maumivu mapya ya kinena au paja, hasa unapoinuka na kupiga hatua za kwanza, au mguu kuonekana umefupika: muone daktari. Homa pamoja na kidonda kutoa usaha, nenda siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba mfupa unaweza kumomonyoka kwa miaka bila kuuma hata kidogo. Ukiitwa kupiga picha ya eksirei, nenda hata kama unatembea vizuri kabisa.